Siku ya Nane Kilambo

Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania, namba 9 ya mwaka 1998, inampa mwomba hifadhi siku 7. Awe ameingia kihalali au kwa njia za panya, ndani ya siku hizo anatakiwa ajitokeze mbele ya ofisa mwenye mamlaka, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani, aeleze ametoka wapi na anakimbia nini. Swali ninaloliuliza hapa ni la siku ya nane. Mtu amechelewa. Alikuwa amejificha kwa shemeji yake, au aliuguza mtoto, au alishaonana na Uhamiaji akaambiwa arudi mjini Mtwara tarehe fulani, na tarehe hiyo ikampita. Afanye nini?

Nimeuweka mjadala huu Kilambo, mkoani Mtwara, pale watu wanaposubiri maji yajae ili pantoni ivuke Mto Ruvuma kwenda Namoto, upande wa Msumbiji, kwa sababu katika pwani yetu hakuna kijiji ambacho swali hili limekiumiza zaidi. Sauti nimezitunga, wala hazimwakilishi mtu mmoja anayeweza kunyooshewa kidole. Matukio na sheria wanazozitaja ni za kweli.

MTENDAJI MSTAAFU: Nianze mimi, maana ndimi niliyekuwa nimekaa upande wa pili wa meza. Sheria ikisema siku 7, ni siku 7. Kijiji cha mpakani hakiwezi kuishi na mtu ambaye hakuna anayejua ameingia lini. Mmesahau Kitaya? Oktoba 2020 watu wenye silaha waliuvuka mto huu huu, wakachoma nyumba, wakaua watu wetu. Tangu hapo, uso mgeni ukionekana kisimani tu, simu ya mtendaji inaita. Mtu akija siku ya kwanza namwandika, namhoji, namjua. Akija baada ya mwezi lazima nimwulize: mwezi mzima ulikuwa kwa nani, na aliyekuficha alikuwa anaogopa nini?

NAHODHA WA MTUMBWI: Uliza, mzee wangu, lakini jibu nalo ulisikilize mpaka mwisho. Machi 2021 mji wa Palma kule Msumbiji uliposhambuliwa, watu walitembea siku kadhaa porini wakikwepa barabara. Wakifika ukingoni wanasubiri maji, wanasubiri chombo, wanaogopa mamba, wanaogopa kiboko, na tochi ya doria wanaiogopa zaidi ya vyote viwili. Mtu wa namna hiyo akikanyaga mchanga wa huku anatafuta ndugu kwanza. Na ndugu wapo. Wamakonde tuko pande zote mbili. Hata Quionga pale ng'ambo ilikuwa ya Mjerumani mpaka Wareno walipoichukua mwaka 1916. Wazee wetu walilala chini ya serikali moja wakaamka chini ya nyingine bila kuhama kitanda. Sasa mtu amefika kwa shangazi yake, amepewa uji, amelala. Unataka akurupuke kesho yake aulize ofisi iko wapi?

MTENDAJI MSTAAFU: Undugu haumzuii mtu kuandikwa. Shangazi angeweza kumleta.

MAMA ALIYETOKA PALMA: Shikamoo mzee. Naomba na mimi niseme, maana mnanizungumzia nikiwa nimekaa hapa. Wenzangu walionitangulia waliandikwa. Walivuka, wakafika Kilambo hii hii, viongozi wa kijiji wakawaandika majina, wakapelekwa shuleni Mahurunga. Wakaulizwa uraia. Asiyekuwa na karatasi ya Tanzania akapandishwa gari, akazungushwa mbali mpaka Negomano, akarudishwa Msumbiji. Habari ile ilitufikia kule porini kabla hatujauona mto. Nilipovuka mimi, wifi yangu alinificha. Siku 7 zikapita nikiwa shambani kwake, nalala chini ya mikorosho, mchana sitoki. Nilijua kuna sheria, mzee. Nilijua pia wale walioitii walifikishwa wapi.

Hapa nausimamisha mjadala kwa muda, kwa sababu alichosema mama huyu kimo katika kumbukumbu za wazi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilieleza mwaka 2021 kwamba watu waliorudishwa waliwasimulia wafanyakazi wake safari hiyo hiyo: kutembea mpaka Ruvuma, kuvuka kwa chombo mpaka Kilambo, kuandikwa, kupelekwa shule ya Mahurunga, kisha Negomano. Kufikia katikati ya mwaka huo shirika hilo, likirejea taarifa za mamlaka za Msumbiji, lilihesabu zaidi ya watu 9,600 waliorudishwa kupitia Negomano tangu Januari. Kwa hiyo anayemwambia mwomba hifadhi wa mwambao huu "wahi ukaripoti" azungumze akijua kwamba wapo waliowahi, na kuwahi hakukuwasaidia.

MTENDAJI MSTAAFU: Negomano iko mbali na mapigano ya Palma. Hawakurudishwa mdomoni mwa bunduki. Na serikali ilikuwa imetoka kuzika watu Kitaya, msilisahau hilo. Waliochoma nyumba zetu na waliokimbia kuchomewa za kwao walivuka mto mmoja, na kwa macho hawatofautiani.

MSAIDIZI WA KISHERIA: Kwa macho hawatofautiani, mzee, na ndiyo maana sheria inataka wahojiwe mmoja mmoja. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unakataza kumzuia mtu mpakani au kumrudisha mahali ambapo maisha yake, mwili wake au uhuru wake utakuwa hatarini. Kama Negomano ni salama kwa mama huyu au si salama, hilo linajulikana kwa kumwuliza yeye, si kwa kuangalia ramani. Inawezekana mumewe aliuawa barabarani akielekea huko. Inawezekana hana mtu yeyote huko. Aliyepandishwa gari kwa kukosa kitambulisho cha Tanzania aliulizwa kama ni Mtanzania. Kama ana hofu ya kurudi, hakuulizwa.

NAHODHA: Basi binti, tumekubaliana. Asiende. Akae kwa wifi yake, avune korosho, amani ikirudi nitamvusha bure.

MSAIDIZI WA KISHERIA: Hapana, kaka. Hapo hatujakubaliana hata kidogo.

NAHODHA: Umetoka kusema wewe mwenyewe kwamba waliokwenda walirudishwa!

MSAIDIZI WA KISHERIA: Nimesema walirudishwa kinyume cha utaratibu. Sasa sikiliza kinachompata asiyekwenda, maana mimi huwaona wakishafika kituoni, na wewe humwona mtu siku anayovuka tu. Asiyeripoti hajulikani, na asiyejulikana hana wa kumtetea. Mwenye shamba anamwahidi ujira wa palizi, msimu ukiisha anamwambia "nenda ukanishtaki." Mtoto akiugua anaogopa zahanati kwa sababu ataulizwa anatoka wapi. Halafu inakuja siku anapanda basi kwenda Masasi, anakutana na kizuizi, anashushwa. Anafikishwa mahakamani kwa Sheria ya Uhamiaji kwamba yupo nchini bila kibali. Akiwa kizimbani ndipo anaposema kwa mara ya kwanza: mimi nilikimbia vita. Kila mtu chumbani anamwona kama mtu aliyebuni uongo baada ya kukamatwa. Maneno hayo hayo angeyasema kwa miguu yake mwenyewe ofisini, hata baada ya miezi mitatu, yangekuwa na uzito mwingine kabisa.

MAMA: Hata baada ya miezi mitatu?

MSAIDIZI WA KISHERIA: Hata hapo, mama. Kifungu cha 4 cha sheria ile ndicho kinachosema mkimbizi ni nani, na kinachotazama ni hatari uliyoikimbia. Kuchelewa kunaweza kukuletea maswali magumu, kunaweza kumfanya ofisa akushuku, lakini hakuizimi vita uliyoiacha nyuma. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 nao, katika ibara ya 31, unasema mkimbizi aliyetoka moja kwa moja kwenye hatari asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali, mradi ajitokeze bila kukawia na atoe sababu ya kuridhisha. Tazama hayo maneno ya mwisho. Sababu ya kuridhisha. Unayo. Umetueleza hapa sasa hivi. Lakini sababu isiyosemwa mbele ya ofisa na kuandikwa haimsaidii mtu.

Na wewe mzee, kuna kesi moja ambayo ningependa kila mtendaji wa mpakani aijue. Mwanamke wa Iran, Hoda Jabari, alikimbilia Uturuki akiogopa kupigwa mawe kwao kwa tuhuma ya zinaa. Uturuki wakati huo ilitaka ombi la hifadhi liletwe ndani ya siku 5. Alichelewa, ombi likatupwa kwa sababu hiyo peke yake, bila mtu kupima kama hofu yake ni ya kweli. Julai 2000 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kuitumia tarehe ya mwisho fupi kiasi hicho kama mashine, bila kuchunguza hatari, kunapingana na katazo la mateso. Hukumu ile haiifungi Tanzania, najua. Hoja yake inaweza kusimama Kilambo bila kuongezewa neno.

MTENDAJI MSTAAFU: Siku 7 ni chache, hilo nakubali. Nimewahi kusikia kwamba wenzetu wana zaidi.

MSAIDIZI WA KISHERIA: Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatoa siku 30. Ya Kenya ya mwaka huo huo ilitoa siku 30 vilevile. Sisi tumebaki na 7, na mtu anayetembea kwa miguu kutoka Palma anaweza kuzimaliza zote kabla hajaacha kuogopa mlio wa pikipiki.

NAHODHA: Baba yangu alisimulia miaka ya 1960, vita vya Wareno. Watu wa Msumbiji walivuka kwa maelfu. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa makazi, Rutamba kule Lindi, Muhukuru kule Songea. FRELIMO yenyewe iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Hakuna aliyesimama ukingoni na kalenda.

MTENDAJI MSTAAFU: Na waliandikwa, mwanangu. Usidhani makazi yale yalijiendesha. Waliandikwa, wakapewa ardhi, wakapewa shule. Mwalimu alipewa Medali ya Nansen mwaka 1983 kwa kazi hiyo, na kazi hiyo ilikuwa na madaftari. Ninachokitetea ni daftari. Sikuwahi kulitetea lile gari la Negomano.

Sentensi hizo mbili za mwisho za mzee huyu ndizo zilizonifanya niuandike mjadala huu. Kwa muda mrefu tumezungumza kana kwamba kuna kambi mbili tu, ya wanaotaka mpaka ulindwe na ya wanaotaka watu wapokewe. Mtendaji anayetaka kujua nani yuko kijijini kwake na mama anayetaka asirudishwe kwenye mapanga wanahitaji kitu kimoja: orodha ambayo mtu anaweza kuingia bila kuogopa kwamba ndiyo itakayomtoa. Orodha ya kumpakia mtu garini inawafundisha watu wajifiche, na watu wakijificha kijiji kinakosa ule usalama mtendaji anaoutafuta. Kitaya haikulindwa na watu waliokuwa wamelala chini ya mikorosho kwa woga.

MAMA: Nimewasikia. Sasa niambieni kitu ambacho naweza kukifanya kesho asubuhi.

MSAIDIZI WA KISHERIA: Kesho asubuhi usiende peke yako. Nenda na wifi yako, na mwenyekiti wa kitongoji akikubali muende naye. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, kwa sababu sheria imemtaja kama mtu wa kupokea taarifa yako. Huhitaji nauli ya kwenda mjini kwanza. Ukifika sema waziwazi kwamba unaomba hifadhi. Usiseme umekuja kusalimia, wala kwamba unatafuta kibarua. Taja tarehe ya kweli uliyovuka, hata kama inaonyesha umechelewa. Wengi hujaribu kuipunguza, wanasema "juzi", halafu jirani anaulizwa anasema ulikuwepo tangu mvua za kwanza. Uongo huo mdogo unaharibu na yale makubwa ambayo ni ya kweli.

MAMA: Nikiulizwa kwa nini sikuja mapema?

MSAIDIZI WA KISHERIA: Sema ulivyotuambia. Uliogopa kurudishwa, kwa sababu ulijua waliorudishwa. Kama mtoto alikuwa anaumwa, beba kadi yake ya kliniki au karatasi ya zahanati. Kama lugha inakushinda, omba mkalimani wa Kimwani au Kimakonde, usikubali kuweka dole gumba kwenye maelezo usiyosomewa. Omba nakala ya unachosaini. Wakikataa nakala, andika jina la aliyekupokea, cheo chake na tarehe, na wifi yako aandike pia. Na ukipewa karatasi ya Kitanzania na kishoka, kitambulisho au cheti cha kuzaliwa kilichonunuliwa, kikatae. Siku kikigundulika utashtakiwa kwa hicho, na hofu yako ya kweli haitasikilizwa na mtu.

NAHODHA: Na yule aliyeshaandikwa, akaambiwa arudi Uhamiaji mjini siku fulani, akakosa? Ninaye mmoja. Siku ile barabara ilikuwa matope, bodaboda wakakataa. Tangu hapo hataki hata kuiona njia ya mjini. Anasema ameshaharibu.

MSAIDIZI WA KISHERIA: Aende kesho. Hata simu ya kuulizia asiisubiri. Kinachomwangamiza mtu aliyekosa tarehe ni ukimya unaofuata kuliko ile siku yenyewe. Siku moja ina maelezo. Mwezi mmoja wa kimya unaandikwa kwenye faili kama kutoroka. Apitie kwa mtendaji, aombe barua fupi inayosema barabara haikupitika siku ile, aende nayo, aombe tarehe mpya na aipate kwa maandishi. Hivi ndivyo ilivyo hata kwa wenzetu walioko mbali. Uingereza, mwomba hifadhi anayetakiwa kuripoti kila wiki au kila mwezi akikosa bila taarifa anaweza kuhesabiwa ametoroka, akawekwa kizuizini, na ombi lake likachukuliwa kuwa ameliacha. Akiwahi kuwajulisha na kupeleka barua ya daktari, mara nyingi anapangiwa siku nyingine. Marekani ni kali zaidi. Ukikosa kikao cha mahakama ya uhamiaji, jaji anaweza kuamuru uondolewe bila wewe kuwepo, na una siku 180 za kuomba kesi ifunguliwe upya kama kulikuwa na sababu nzito, ugonjwa mkubwa kwa mfano. Kote huko anayenusurika ni yule aliyerudi haraka na karatasi mkononi.

MTENDAJI MSTAAFU: Barua hiyo mimi ningeiandika bila kusita. Mistari mitatu na muhuri. Nimeandika nyingi za misiba na za mafuriko.

NAHODHA: Na akifika mjini wakampandisha gari?

Swali hilo lilibaki hewani katika kila rasimu niliyoiandika, na sikutaka kulifunika. Msaidizi wa kisheria hana mamlaka ya kumhakikishia mtu kwamba hatapandishwa gari. Mimi pia sina. Kilichopo ni kupunguza uwezekano. Mtu aliyeandikwa, mwenye nakala, mwenye shahidi, ambaye msaidizi wa kisheria na UNHCR wanalijua jina lake, ni vigumu zaidi kutoweka usiku mmoja kuliko mtu asiyejulikana na yeyote. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua rasmi wasaidizi hawa. Wapo wilayani, na mwananchi wa kijijini anaweza kuiuliza halmashauri wanapatikana wapi. Aende kwao kabla ya kwenda Uhamiaji, siku hiyo hiyo ikiwezekana.

MAMA: Mnaniambia niweke maisha yangu kwenye mistari mitatu na muhuri.

MSAIDIZI WA KISHERIA: Nakuambia usiyaweke kwenye kimya, mama. Kimya kimeshakugharimu msimu mzima. Na mimi nitakuja nawe.

MAMA: Ukija, nitakwenda.

Hukumu yangu basi ni hii. Aliyechelewa aende, na aende mapema iwezekanavyo, akiwa na mtu, akiwa na karatasi, akisema ukweli kuhusu tarehe. Sina mashaka juu ya hilo, kwa sababu nimeipima njia nyingine na kila mahali nilikoiona inaishia kizuizini au katika shamba la mtu asiyelipa. Lakini ushauri huu utakuwa wa haki tu kama serikali nayo itatimiza upande wake. Kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta zilijengwa Kigoma, upande mwingine kabisa wa nchi, na mazoea ya kupokea watu yamejengwa huko. Vijiji vya ukingoni mwa Ruvuma vimeachiwa watendaji wanaobeba kwa pamoja hofu ya Kitaya na sheria ya mwaka 1998, wakiwa na kalamu moja.

Ninawaomba Wizara ya Mambo ya Ndani na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi wafanye mambo mawili. Wawape watendaji wa Kilambo, Mahurunga, Kitaya na vijiji jirani maelekezo ya maandishi kwamba anayeomba hifadhi aandikwe hata akichelewa, na asiondolewe nchini kabla hofu yake haijasikilizwa na wenye mamlaka ya kuamua. Na wapeleke Bungeni pendekezo la kuongeza siku 7 ziwe 30, kama walivyofanya majirani zetu.